Chenji ya Mama Mkwe

Tangu nioe, mama mkwe wangu hakuwahi kutia kitu chochote mkononi mwangu. Si kwamba alinichukia. Aliniheshimu, na huku kwetu heshima kati ya mkwe na mama mkwe ni kazi ngumu kuliko chuki. Hatusalimiani kwa mkono. Hatukai benchi moja. Tukikutana njiani Bungoma, mmoja wetu hugundua ghafla kwamba mahindi ya shamba la jirani yanahitaji kutazamwa kwa makini. Nikienda kwake, chai huletwa na mtu mwingine, ugali huletwa na mtu mwingine, na yeye mwenyewe hukaa upande wa pili wa ukuta wa jikoni akizungumza na mke wangu kwa sauti ya kunifikia.

"Muulize mgeni wako kama mvua imenyesha Kitale."

Nami humjibu mke wangu, ambaye ametoka Kitale hiyohiyo pamoja nami asubuhi ileile, kwamba mvua imenyesha. Mke wangu huinuka na kupeleka habari jikoni, ingawa mama yake ameshaisikia na ameshaanza kumshukuru Mungu.

Watu wa mbali nikiwaeleza mambo haya hunionea huruma. Sijui kwa nini. Wapo wanaume wengi ambao wangetoa ng'ombe wa pili ili wapewe ukuta kama ule.

Mama mkwe ana kibanda cha chai mjini Bungoma, karibu na mahali malori yanapopakia mizigo. Ni mabati, mabenchi mawili, jiko la kuni na sufuria ambayo mke wangu huapa kwamba ilikuwapo kabla yake. Chai shilingi ishirini, mandazi shilingi kumi. Baba mkwe alipofariki, jamaa walikaa kikao kirefu kujadili nani atamlisha mjane. Kikao kilipoisha bila jibu walitoka wakiwa na njaa, wakaenda kunywa chai kwa mjane, wakalipa. Hajawahi kumwomba mtu kitu tangu siku hiyo. Kibanda kile kilisomesha wadogo wa mke wangu, na hata sasa ambapo wote wana kazi zao, ndicho kinachomfanya atembee mjini akiwa ameinua shingo.

Sheria ya kibanda ni moja. Chenji hutolewa kamili na hutolewa mkononi. Haiwekwi mezani, haigeuzwi kuwa peremende, na neno "njoo kesho" halijulikani pale. Mteja hunyoosha kiganja, mama anazipanga sarafu juu yake moja baada ya nyingine, halafu anamfunga vidole kwa mkono wake mwenyewe, kama anamkabidhi kifaranga.

"Meza haina mkono," husema. "Nikiweka kwa meza, ni nani amepokea?"

Mteja akiondoka bila chenji yake, mama huacha mandazi yakiungua akamfuata hadi kwenye lori. Wapakiaji wanalijua hilo. Wengine husahau makusudi ili wamwone akikimbia na kijiko mkononi.

Mimi kazi yangu ni poshomili, Kitale. Trans-Nzoia haikosi mahindi, kwa hiyo mashine yangu haikosi kelele. Watu huleta mahindi kwa gorogoro, yale makopo ya kupimia, na kusaga hulipwa kwa sarafu. Wenzangu wenye maduka hulia kila siku kwamba hawana chenji, wakienda benki wanaambiwa sarafu zimeisha, na mimi nimekalia ndoo nzima. Tatizo ni kwamba sarafu zangu zinajulikana popote zinapokwenda. Zina unga. Unga wa mashine huingia katika mistari ya zile picha za wanyama na hautoki hata ufute kwa shati. Tembo wa ishirini huwa mweupe masikioni, simba wa kumi huota mvi. Twiga wa shilingi moja simtaji, maana mnyama mrefu kuliko wote amepewa pesa ambayo hakuna anayeinama kuiokota. Makanga mmoja wa matatu hapa Kitale nikimlipa hunusa kwanza.

"Mzee, hii ni pesa ama ni ugali?"

Kwa kukaa na sarafu miaka mingi nimekuwa na maoni. Noti ina kiburi. Hukunjwa kwenye leso, hufichwa ndani ya Biblia, hupumzika. Sarafu haijui kupumzika. Asubuhi namrudishia mama mmoja ishirini, anakwenda kununua nyanya, muuza nyanya anaingia nayo choo cha kulipia, mwenye choo anamtuma mtu na mahindi kwangu, na jioni ile ishirini iko ndooni. Imelisha watu, imewasitiri watu, na bado ni ishirini, haijapungua hata kidogo. Siku jambo hili liliponijia nilifurahi sana, nikazima mashine nikamweleza mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ulifuata mtu mpaka choo," akasema.

Niliwasha mashine.

Basi, balaa lilianzia kwenye jiko la kanisa. Kanisa la mama mkwe lina jiko ambamo kina mama hupikia siku za mavuno na siku za matanga, na paa lake lilikuwa limeoza kiasi kwamba mvua ikinyesha mchuzi unajiongeza wenyewe. Michango ya noti ilikuwa imeshindikana. Watu waliahidi kwa sauti, na majina yalipoanza kusomwa kila mtu alikuwa na kamba ya kiatu ya kufunga. Mama mkwe, ambaye ni mwenyekiti wa umoja wa kina mama, ndipo alipopata wazo.

"Noti mtu anaikumbuka," aliwaambia wenzake. "Sarafu anasahau. Si tuwaombe ile wanasahau?"

Walilipenda wazo hilo wote. Kila nyumba ikapewa mkebe mtupu wa rangi. Fundi wa jua kali aliziba vifuniko kwa lehemu na kukata tundu la kupitisha ishirini. Ilikatazwa kutia noti. Ilikatazwa kufungua. Mikebe ingekaa hivyo hadi Sikukuu ya Mavuno, ipasuliwe mbele ya madhabahu, paa linunuliwe. Waliiombea, wakaahidi mbele ya Mungu, na kila mmoja akaenda nyumbani na mkebe wake, mke wangu akiwamo, maana binti ya mwenyekiti hawezi kuishi Kitale bila mkebe.

Kama mambo yangeishia hapo, tusingeumia. Lakini sisi watu wa huku hatuwezi kumwona mwenzetu akichanga peke yake. Kanisa la ng'ambo ya barabara lilisikia, likatafuta mikebe mikubwa zaidi. Kwaya ikaona haya, ikachukua yake. Chama cha waendesha bodaboda kikachukua, wakisema ni ya kununulia hema la matanga. Watu wa Misikhu nao wakasikia kupitia kwa mabinti walioolewa huko. Ikawa ukiingia nyumba ya mtu, kabla ya kuulizwa habari za watoto unaonyeshwa mkebe, unaombwa uubebe uone uzito, na huwezi kuubeba mkebe wa mtu halafu uuache hivihivi bila kutia kitu.

Baada ya miezi michache Bungoma ilikauka sarafu.

Mwanzoni watu walicheka. Ulinunua chumvi ukarudishiwa peremende mbili. Ulinunua sukari ukarudishiwa kiberiti. Muuza mboga mmoja aliwarudishia watu vitunguu, na kwa kuwa kitunguu kina wakubwa na wadogo, mabishano yalikuwa mengi. Wafanyabiashara waliotoka Lwakhakha, mpakani, walileta sarafu za Uganda wakitaka zipokelewe, na mtu mmoja alikubali, akakaa siku nzima akitafuta mwenzake wa kumkubalia. Peremende ziliingia mifukoni, zikatoka, zikaingia mfuko mwingine, mpaka karatasi zikaanza kung'oka na hakuna aliyethubutu kuzila. Jumapili moja sahani ya sadaka ilirudi mbele ikiwa na peremende ya mnanaa. Mchungaji aliiinua, akaitazama, akairudisha.

Mama mkwe hakucheka. Mke wangu alimtembelea, na aliporudi Kitale alikaa juu ya gunia la mahindi bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Mama anazima jiko saa nne," akasema.

"Saa nne ya usiku?"

"Ya asubuhi. Mtu anakuja na noti ya hamsini, anataka chai na mandazi moja. Mama hana ishirini ya kumrudishia. Siku hizi anauliza kwanza, uko na kamili? Kama hauna, hamwekei chai. Wanaenda kwa yule kijana alifungua ng'ambo. Huyo anawapatia peremende na hawasemi kitu."

"Si awaongeze mandazi mbili, iwe hamsini?"

"Nilimwambia. Ati hiyo ni kulazimisha mtu kushiba."

"Na walipe kwa simu?"

"Wengine wanalipa. Lakini wapakiaji wanalipwa mkononi, noti, na wanataka chai hapo hapo. Utamrudishia ishirini kwa simu, ikatwe, abaki na nini?"

"Basi afungue mkebe mmoja. Wake tu."

"Hiyo pia nilimwambia. Akaniuliza kama nataka Mungu ndiye amtolee chenji."

Mke wangu alianza kuchambua punje za mahindi zilizokuwa sakafuni, jambo ambalo hulifanya akiwa na neno linalomkwama.

"Ndugu zangu wamekaa kikao," alisema hatimaye. "Wanasema kama kibanda kinafungwa, mama akuje akae Kitale na sisi."

Nyumba yetu ina mlango mmoja. Nilijaribu kuwaza maisha ya mkwe na mama mkwe katika nyumba ya mlango mmoja, kila mmoja akisubiri mwenzake atoke ndipo aingie, mimi nikila chakula shambani, yeye akiimba kwa sauti kila anapokwenda bafuni ili nijue niko hatarini. Mke wangu naye aliwaza hivyohivyo, maana tulianza kucheka wote wawili. Lakini kicheko hakikufika mbali. Nilimwona mama yule amekaa kwenye kiti chetu, hana jiko, hana mteja, analishwa na mkwe ambaye hawezi hata kumtazama usoni. Niliumia, na ninasema hivyo waziwazi. Mtu ambaye hajawahi kuomba asifikishwe hapo kwa sababu ya kukosa ishirini.

Na mimi nilikuwa na ndoo.

Kumpa moja kwa moja hakukuwezekana. Kumtumia kupitia kwa mke wangu kulijaribiwa, na jibu likarudi kwamba kibanda ni cha kuuza chai, si cha kupokea misaada, na kwamba mgeni anaombwa ashughulike na mashine yake. Kwa hiyo nikafanya nilichokiona kuwa ujanja mkubwa. Nilijaza sarafu katika mfuko wa unga, nikafunga mdomo kwa kamba, nikashuka Bungoma. Nilijificha nyuma ya lori moja lililokuwa likipakia tumbaku kutoka Malakisi na kuwaita wapakiaji mmojammoja. Kila mwenye noti nilimvunjia kwa sarafu.

"Sharti ni moja," niliwaambia. "Chai mnywe pale kwa mama. Mlipe kamili."

"Na wewe unapata nini, mzee?"

"Napata amani."

Walinitazama kama wanavyotazamwa watu wanaohubiri stendi, lakini walichukua. Kutoka nyuma ya lori niliona moshi wa kibanda ukipanda hadi baada ya adhuhuri, na mabenchi yote mawili yamejaa. Nilirudi Kitale nikijiona mtu wa maana. Nilimweleza mke wangu kwamba kumbe serikali ikinisikiliza naweza kuisaidia.

Haikupita wiki, mama mkwe akazima jiko saa nne tena.

Nilipeleka mfuko wa pili, nao ukaisha. Nilipeleka wa tatu. Ndoo yangu ilianza kuonyesha chini yake, na wateja wangu mwenyewe wakaanza kuniuliza kama nina peremende. Ilinichukua muda kuelewa kilichokuwa kikitendeka, ingawa mke wangu alikielewa tangu mfuko wa kwanza na alikuwa ananiangalia tu. Mpakiaji alilipa chai kwa sarafu zangu. Mama mkwe alizitoa kwa mteja mwingine kama chenji. Mteja alinunua sukuma wiki, na muuza sukuma wiki jioni alikwenda nazo nyumbani akazidondosha mkebeni, kling, kwa ajili ya Bwana. Nilikuwa nasaga mahindi Kitale ili kuezeka makanisa mawili na hema la bodaboda.

Niliacha. Sikuwa na njia nyingine, na mke wangu akaanza kutazama pale penye kabati akipima kama kitanda cha pili kinaweza kuingia.

Kilichofuata nilikipata kwa simu, mke wangu akiwa kwa mama yake. Jirani, naye mwanachama wa umoja, alikuwa amepita kibandani na mkebe wake kujisifia uzito. Alitoa ishirini mfukoni ili aitie mbele ya mwenyekiti. Mama mkwe aliomba aione kwanza. Aliisugua kwa kidole gumba, akakinusa kidole, akakilamba.

"Hii ni unga ya mahindi," akasema. "Mimi napika mandazi na ngano. Hii imetoka wapi?"

Jirani hakujua. Mama alifungua kopo lake la mauzo ya siku hiyo, akamwaga sarafu chache zilizokuwamo juu ya meza, akazigeuza. Tembo wawili walikuwa weupe masikioni. Alikaa chini. Mke wangu anasema alikaa muda mrefu na mandazi yakaungua, na mara hii hakuwa akimkimbilia mteja yeyote.

"Huyo mkwe," akasema, akimwambia mke wangu lakini akiyatazama mafuta. "Anatuma mimi pesa ya kurudishia watu, na mimi nimewafundisha watu kuifungia ndani. Kumbe ni mimi nimezima jiko yangu."

Jumapili hiyo alisimama kanisani na mkebe wake. Alisema alikuwa amewaambia sarafu ni ile pesa mtu anasahau, na kwamba alikosea. Mwenye noti nyingi ndiye anaisahau. Mpakiaji hajaisahau, anaitafuta kila asubuhi. Alisema anaomba mikebe ifunguliwe leo, watu wa soko waje na noti wabadilishane, kanisa libaki na thamani ileile na soko lipate chenji yake. Kina mama wengine walipinga. Waliahidi Mungu, mikebe haifunguliwi mpaka mavuno.

"Tuliahidi Mungu paa," mama mkwe alisema. "Hatukumwahidi kelele ya mkebe."

Halafu alichukua panga lililokuwa jikoni kwa ajili ya kuni, akaupasua wa kwake mwenyewe mbele ya mchungaji. Sarafu zilitawanyika hadi chini ya viti vya wazee wa kanisa. Watu wa kwaya walizichutamia. Mchana huo foleni ya wenye maduka ilikuwa ndefu kutoka mlango wa kanisa hadi barabarani, kila mmoja na noti zake, na jiko likapata mabati kabla ya mavuno. Kanisa la ng'ambo lilishikilia wiki nyingine, likisema lao lina imani zaidi, kisha nalo likafungua, kimya kimya, siku ya kazi.

Ujumbe kwangu ulikuja kupitia kwa mke wangu, naye aliurudia neno kwa neno, kidole juu.

"Mwambie mgeni wako aache kuniletea unga ndani ya pesa. Kama anataka kunisaidia, akuje anunue chai kama watu."

Nilimwuliza mke wangu kama mama yake alimaanisha hivyo kweli. Mkwe kuketi kwenye kibanda cha mama mkwe wake? Alisema mama yake husema anachomaanisha, na kwamba nivae lile shati la bluu.

Kwa kuwa nilikuwa nimekemewa kuhusu unga, sikuchukua sarafu hata moja. Niliona nitakuwa na adabu zaidi nikienda na noti ya shilingi mia, safi, mpya. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo ya mtu aliyejigamba kwamba anaielewa pesa.

Nilifika kibandani asubuhi, kimejaa. Nilikaa ncha ya benchi la mbali, nikaelekeza uso barabarani. Mpakiaji mmoja aliyenijua kutoka nyuma ya lori alijiteua mwenyewe kuwa mkalimani, na sijawahi kuona mtu akiifurahia kazi vile.

"Huyo mteja wa mwisho anakunywa nini?" mama mkwe aliiuliza sufuria.

"Mzee, unaulizwa unakunywa nini."

"Chai. Na mandazi mawili."

"Mama, ati chai na mandazi mbili."

Chai ilikuwa na tangawizi, na mandazi yalikuwa ya moto, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvila pale vilipopikwa. Nilikunywa polepole. Nilipomaliza niliweka noti yangu kwenye kona ya meza, nikasogea mbali nayo kwa heshima. Mama mkwe aliichukua. Aliigeuza. Hapo ndipo nilipohesabu kichwani, chai ishirini, mandazi ishirini, na nikajua nimefanya nini. Sasa nilikuwa namdai chenji ya sitini, na palikuwa na njia moja tu ya kulilipa katika kibanda kile.

Wapakiaji nao walihesabu.

"Mwambie mama aweke tu kwa meza," nilimnong'oneza mkalimani wangu.

Kwa mara ya kwanza hakufikisha ujumbe. Alikuwa ametoa macho.

Nilisikia sarafu zikichambuliwa ndani ya kopo. Nilisikia kandambili zake zikija juu ya changarawe na kusimama. Nilitazama lori lililokuwa mbele. Naye, wapakiaji waliniambia baadaye, alikuwa akitazama mti wa mparachichi ulio nyuma ya kibanda cha kinyozi.

"Meza haina mkono," akasema.

Nilinyoosha kiganja bila kugeuka. Aliweka ishirini ya kwanza, akaweka ya pili, akaweka ya tatu, bila haraka, kama anavyomwekea mpakiaji yeyote. Kisha akanifunga vidole. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto kutokana na jiko, na ulikuwa na ngano. Nilitaka kusema asante, nikajikuta namwambia mkalimani. Macho yangu yalikuwa yamejaa machozi, na lori lile sikuliona tena vizuri.

Nilirudi Kitale na sarafu zile tatu kwenye mfuko wa shati. Sikuzitia ndooni. Siku iliyofuata zilikuwa bado mfukoni, na iliyofuata pia, na nilipobadilisha shati nazo zilihama. Asubuhi moja mashine ikinguruma, mteja alitaka ishirini na ndoo ilikuwa haina. Mke wangu aliutazama mfuko wangu. Niliufunika kwa mkono.

"Wacha nikuambie kitu, Baba watoto," akasema, akipaza sauti juu ya kelele za mashine. "Umekuwa mkebe."

Ilikuwa kweli, na mteja alikuwa anacheka. Lakini kumpa mtu yeyote tu sarafu zile sikuweza, kwa hiyo nilifanya kitu pekee ambacho kilikuwa na adabu. Nilishuka Bungoma tena. Kibanda kilikuwa kimejaa, moshi uko juu, yule kijana wa ng'ambo amegeukia biashara ya miwa. Nilikaa ncha ileile ya benchi. Safari hii niliagiza chai na mandazi manne, na ingawa andazi la nne lilitaka kunishinda, nililila.

Shilingi sitini kamili. Nilizipanga tatu kwenye kona ya meza, nikasogea, nikatazama barabara, nikiwa nimeridhika kwamba nimelipa vizuri na simsumbui mtu.

Mama mkwe alikuja. Alizichukua, na nadhani alizitambua, maana hazikuwa na unga wa mahindi hata kidogo. Alisimama hapo zaidi ya inavyomchukua mtu kuhesabu sarafu tatu. Halafu alirudi kwenye jiko lake, akakoroga chai iliyokuwa haihitaji kukorogwa, na akaiambia sufuria kwa sauti ya kunifikia:

"Huyo mteja, siku nyingine alete noti."